Chai Isimwagike

Siku hizi ukifika Kambarage, pale Shinyanga mjini, ukaulizia watu wa kamba, utatazamwa tu. Vijana watakuelekeza kwa fundi anayesuka vitanda. Lakini kulikuwa na wakati ambapo mtaa mzima ulijua kamba ile inatundikwa wapi, nani husimama mbele na nani nyuma, na kwamba makelele ya Jumapili alasiri si ya ugomvi wala msiba. Mwaisha binti Salehe alikulia katika wakati huo. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye mgahawa wake huko machimboni upande wa Geita, akisikia harufu ya katani iliyolowa maji, moyo wake ulirudi nyuma ya nyumba ya baba yake bila kumwomba ruhusa.

Baba yake, Mzee Salehe, alikuwa mtu wa gangi ya reli. Wazee wake walitoka Pangani, yeye akazaliwa Tabora, akahamia Shinyanga akiifuata reli kama wengine wanavyofuata malisho. Alikuwa mfupi, mpole wa kauli, mtu asiyejibu swali kabla hajamaliza kumeza alichokuwa akinywa. Kazini alikuwa mwimbishaji. Reli ni chuma kisicho na huruma. Gangi nzima huivuta kwa pamoja, na mmoja akitangulia kuvuta kabla ya wenzake, kuna mguu utakaopondeka. Kwa hiyo lazima awepo mtu asiyeshika kitu, ambaye kazi yake ni kuimba na kuangalia. Majirani walimtania kwamba serikali inamlipa mshahara kwa kasida. Naye alicheka pamoja nao, maana mtani akikosa wa kumtania huumwa.

Miaka michache baada ya Uhuru, mvua zilikuja na hasira. Shinyanga ni nchi ya kuomba mvua. Mwaka ule watu waliomba ikome. Nyumba za udongo zilianza kukaa chini moja baada ya nyingine, na mchana mmoja ukuta wa Mzee Zamoyoni, jirani yao, uliporomoka na kumlaza chini ya boriti ya paa. Yowe likapigwa. Katika nchi ya Wasukuma yowe halina Mwislamu wala Mkristo, halina ndugu wala hasimu. Ukilisikia unaacha ulichoshika unakwenda, na asiyekwenda huulizwa siku yake ikifika atasaidiwa na nani. Watu walijaa. Mwaisha alikuwa msichana wa kutumwa dukani, akasimama kibarazani akaona yote. Wa upande huu waliinua, wa upande ule walivuta, wengine wakapiga kelele kwamba isukumwe. Mzee Zamoyoni alikuwa akiongea kule chini, akiwaomba waende polepole. Boriti iliinuka, ikateleza, ikarudi. Hakuongea tena.

Baada ya mazishi, wanaume walipokuwa wamekaa mkekani, Mzee Salehe alimeza kahawa yake kwanza, ndipo akasema, "Zamoyoni hakuuawa na nyumba. Tumemuua sisi tuliompenda." Wote waliinamisha vichwa, Mwaisha akiendelea kugawa vikombe.

Jumapili iliyofuata, baba yake alirudi na kamba kuukuu ya katani aliyopewa na nyapara, nene kama mkono wa mtoto, pamoja na taruma moja la reli lililokwisha kazi yake. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na korongo. Akalilaza taruma kule chini, akaweka bakuli la maji juu yake, akawaita majirani akawaambia walivute mpaka juu bila maji kumwagika. Walitazamana. Wapo walioamini msiba umemwingia kichwani.

Siku ya kwanza bakuli halikufika popote. Siri ya kazi ile ilikuwa katika kukaa. Mzee Salehe aliimba "vuta", wakavuta. Akaimba "kaa", na hapo ndipo palipokuwa na ubingwa wote, maana mtu hatakiwi kuvuta wala kulegeza. Anashikilia. Mzigo unatulia, kila mmoja anapumua, ndipo wanaitwa tena. Wenye nguvu ndio waliohangaika zaidi. Mchinjaji mmoja mwenye kifua kama pipa alimwaga maji kwa miezi, mpaka wanawake wakamwambia aje na ndoo yake mwenyewe.

Ndizo Jumapili ambazo Mwaisha alizihifadhi kuliko sikukuu. Baada ya sala ya alasiri kamba ilishushwa, Wakristo wakiwa wamekwisha rudi kutoka kanisani zamani, na Wasukuma waliotoka mnadani walisimamisha baiskeli kutazama, kisha wakavua viatu na kuingia. Kulikuwa na kahawa na kashata. Kulikuwa na togwa ya jirani aliyejisifu kuwa hana mpinzani. Na zilipokuja siku za shida zenyewe, watu wa kamba walikuwepo: lori la pamba lililozama mtoni, ng'ombe aliyetumbukia kisimani, boriti nyingine katika mvua nyingine. Aliyetolewa chini ya boriti hiyo alitoka mzima, neno lake la kwanza likawa kulalamika kwamba kanzu yake imechanika. Mtaa ulicheka mwaka mzima. Watu wachache hupata bahati ya kuona baba yao akiwa na maana kwa mtaa, na Mwaisha aliipata.

Mzee Salehe alifariki miaka ya sabini ilipokuwa katikati. Kamba ilibaki ukutani. Wengine walihamishiwa stesheni nyingine, wengine vijijini, wengine walizeeka tu, na mchwa ukafanya kazi yake. Mwaisha wakati huo alikuwa ameolewa na Hatibu, mchuuzi wa dagaa, mwanamume mrefu mcheshi aliyeweza kumuuzia dagaa mvuvi. Wakapata binti, Chausiku. Kisha ikaja ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, miaka ambayo mtu akivaa shati la kafa Ulaya, yaani mtumba, lisilo na tundu anaulizwa ana ndugu nje. Biashara ya Hatibu ikanyauka. Habari za dhahabu zilipotapakaa, alimwacha Chausiku kwa bibi yake Kambarage, akamchukua mkewe, wakaenda Nyamisalu.

Nyamisalu haikuwa mji. Ilikuwa kilima kilichotobolewa, na chini yake vibanda vya turubai na mabanzi vilivyosimama kwa matumaini. Walikuwepo Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wanyiramba, watu wa Bukoba, watu wa Kahama waliokuja na mchele wao. Mwaisha alifungua mgahawa wa chai na maandazi. Sukari aliipata, aliyemuuliza aliipata wapi aliambiwa anywe kwanza. Hatibu akaajiriwa katika duara la Mageni, Msukuma mnene wa maneno machache aliyevaa koti hata jua likiwaka. Duara ndilo shimo lenyewe. Hili la Mageni liliingia ubavuni mwa kilima kama tundu la muhanga, likashuka kwa mteremko, huku na huku likishikiliwa na matimba, yaani magogo ya kuzuia udongo.

Machimbo yana adabu zake. Anayeshuka haagwi. Humwambii kwaheri, humwambii urudi salama, maana ukimwambia hivyo umelikumbusha shimo kwamba linaweza kumnyima kurudi. Hatibu alikunywa chai yake alfajiri nusu kikombe, akafunika iliyobaki kwa kisosi, akaondoka bila kugeuka. Hiyo nusu ilikuwa deni lake kwa jioni. Kila siku Mwaisha alipita karibu na kisosi kile huku akikaanga maandazi, na kila siku alijiuliza swali moja: shimo likimkalia mume wangu, nani atamvuta, na atamvutaje? Aliwatazama vijana wale wenye misuli na haraka zao, akaiona boriti ya Mzee Zamoyoni.

Alipoona hawezi tena kunyamaza, alishona machela. Magunia mawili, miti miwili, kamba za pembeni, kazi safi. Akampelekea Mageni kibandani kwake kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Chausiku. Umeleta nini?"

"Machela, mzee. Nilifikiri ikae karibu na duara. Na kama utaniruhusu, vijana wafundishwe kuvuta kwa pamoja, maana siku udongo..."

Hakumaliza. Mageni alisimama akaichukua machela kwa ncha za vidole, akaipeleka nje akaichoma moto mbele ya watu. Siku ileile alichinja kuku mweupe mdomoni mwa duara, na mstari wa majivu yenye dawa ukachorwa upya kwenye njia. Mstari ule ulikuwepo siku zote. Mwanamke haruhusiwi kuuvuka, awe nani, awe na sababu gani.

"Mayu, mama yangu, umeleta jeneza kazini kwa watu," Mbuke, Msukuma muuza mboga aliyekuwa jirani yake, alimwambia huku akicheka kwa huruma. "Shimo linasikia. Ukilisema vibaya, linajua umelingoja."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mwaisha alisema.

"Ndiyo. Lakini huku hata maradhi hatuyaiti kwa jina."

Alilala na aibu yake, akaamka nayo, akakaanga maandazi nayo. Hatibu hakumlaumu. Alimwambia tu asimkasirishe tena tajiri, kisha akafunika nusu yake ya chai akaenda. Mwaisha akabaki akikitazama kisosi. Ndipo ikamjia. Kama shida haitajwi kwa jina, basi ataiita mchezo.

Jumapili machimbo hupumzika. Jumapili ile Mwaisha alitangaza mashindano: watu wa Kahama dhidi ya watu wa Mwanza, na asiye wa huku wala kule achague anakopendelea. Gogo zito lililazwa chini ya korongo nyuma ya mgahawa, mbali kabisa na mashimo. Juu ya gogo akaweka kikombe cha bati kilichojaa chai pomoni. Watakaolivuta gogo mpaka juu chai ikabaki kikombeni, watakula maandazi ya moto na chai yenye sukari ya kweli. Watakaomwaga watakula macho.

Walimwona mwendawazimu, kama walivyomwona baba yake. Lakini sukari ni sukari. Walivua mashati, wakavuta kwa kishindo, kikombe kikaruka kama panzi. Kahama wakamwaga, Mwanza wakamwaga, korongo likalowa chai, na watazamaji wakalia machozi ya kicheko. Ndipo Mwaisha akajifunga kanga kiunoni, akasimama pembeni asishike kitu.

"Chai hiyo!" aliita. "Mkijibu 'isimwagike', ndipo mvute. Nikisema 'kaa', mkae."

Mwanzoni waliona haya kuimbishwa na mwanamke. Kijana mmoja wa Kisumbwa, Selestine, aliyewahi kuimba kwaya na aliyekuwa na sauti ya kuvunja usingizi, akaichukua kazi hiyo. Mwaisha alimfundisha pale mgahawani huku akisukuma unga: usiwahi, usichelewe, angalia kikombe usiangalie watu, na kwenye kukaa uhesabu pumzi yao wala si yako. Miezi ilipita. Mchezo wa chai ukawa mkubwa kuliko mpira. Watu walitoka machimbo ya jirani kuja kutazama, na ikawa kashfa kubwa Nyamisalu kuitwa mmwaga chai. Kwa Mwaisha, zilikuwa Jumapili za Kambarage zimerudi zikiwa na nguo chafu zaidi. Aliwaona wanaume wale wa makabila saba wakishikilia kamba, wamekaa, wanapumua kifua kimoja, akatamani baba yake apite njiani na kikombe cha kahawa.

Mageni hakuvuta hata siku moja. Alikaa kwenye kigoda chake na koti lake, akinywa chai na kulalamika kwamba watu watachoka kabla ya Jumatatu. Jumapili moja alikuja na kamba mpya, ndefu na nene, akaitupa chini. "Ile yenu inanikera macho," alisema, basi. Kisha akaagiza isiwekwe mgahawani ambako moshi utaiharibu, itundikwe kwenye mti njiani, nusu ya safari ya kwenda kwenye duara. Mwaisha alishukuru. Alifikiri tajiri naye ameanza kupenda mashindano.

Mwaka wa themanini na nne, mvua ziliwahi. Asubuhi moja Hatibu alifunika nusu yake ya chai, akaenda pamoja na Selestine. Jua lilikuwa halijapanda sana Mwaisha aliposikia kilima kikiguna, mguno mfupi kama wa mtu anayegeuka usingizini. Mafuta yalikuwa jikoni. Aliyaacha yakaungua.

Alikimbia mpaka kwenye mstari wa majivu, akasimama kana kwamba amevutwa na kamba. Toka pale aliona kila kitu. Matimba ya katikati yalikuwa yamevunjika, na jiwe kubwa kama kitanda lilikuwa limeshuka na kuziba njia ya duara. Nyuma yake sauti zilisikika, ya Hatibu na ya Selestine. Walikuwa hai, udongo ukiwafika viunoni. Kamba ilikwisha fungwa kwenye jiwe. Lakini hofu ilikuwa imewaondolea watu akili, na mwimbishaji wao alikuwa upande wa pili wa jiwe. Watu wa Kahama walivuta, watu wa Mwanza wakavuta baada yao, kila mmoja akipiga kelele za amri. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Jiwe lilitikisika likarudi, na udongo mwingine ukashuka. Hatibu alikuwa akiongea kule ndani. Alikuwa akiwaomba waende polepole.

Mwaisha alijua wakati ule anaogopa nini. Aliogopa jiwe. Aliogopa pia unyayo wake mwenyewe, maana akiuvuka mstari ule nusu ya watu wangeiachia kamba wakakimbia, na Hatibu angekufa kwa hofu yao kama Mzee Zamoyoni alivyokufa kwa upendo wao. Miguu yake ilibaki upande wake wa majivu. Hata kuita hakuita, kwa sababu kuita nako ni kulitaja shimo.

Mageni ndiye aliyemwona. Alikuwa amevua koti, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona bila koti. Aliinua mkono. "Nyamazeni wote." Walinyamaza. Kisha, bila kumtazama, kwa sauti ya mtu anayepita tu mgahawani asubuhi, akauliza, "Mama Chausiku, chai iko tayari?"

Ilimchukua pumzi moja kuelewa.

"Iko tayari, mzee," alisema. "Ipo juu, imejaa pomoni."

Wanaume waligeuka wakalitazama jiwe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Alianza kuona mabega yakishuka, miguu ikitafuta udongo, Kahama na Mwanza wakipishana bila kuambiwa, mmoja wa huku na mmoja wa kule.

"Chai hiyo!"

"Isimwagike."

Jiwe lilisogea upana wa kiganja.

"Kaa."

Wakakaa. Hakuna aliyevuta wala aliyelegeza. Udongo ulimwagika kidogo, ukatulia. Toka nyuma ya jiwe sauti nyembamba ya Selestine iliitikia pamoja nao, maana mwimbishaji hawezi kunyamaza wimbo ukiimbwa. Mwaisha alisimama mstarini, mikono kichwani, akaimbisha. Aliimbisha mpaka koo likawa kama limesuguliwa na mchanga. Hakuwatazama watu, alilitazama jiwe, na juu ya jiwe, kwa yakini kabisa, alikiona kikombe cha bati. Jiwe lilipofika nje na watu wakaruka ndani na majembe ndipo alipokaa chini njiani, akalia.

Selestine alitolewa kwanza, mkono umevunjika. Kisha Hatibu. Walimbeba hadi kwenye mstari wa majivu, wakamshusha miguuni pa mkewe, mwekundu wa udongo toka nywele hadi kucha. Alikohoa, akafuta macho.

"Mama Chausiku," alisema, "nusu yangu ipo?"

Ilikuwepo, imepoa, na moshi wa mafuta yaliyoungua umeifanya chungu. Aliinywa yote.

Siku ya pili yake Mageni alikuja mgahawani, koti limerudi mahali pake. Mwaisha alimwekea chai na maandazi asiyoagiza. Akasimama hapo na sinia.

"Mzee, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Mchezo. Kwamba ni wa nini."

Mageni alimeza kwanza. Mwaisha alimkumbuka baba yake ghafla.

"Mayu," alisema, "unadhani kuna watu wajinga kiasi gani duniani, wavute gogo kila Jumapili kwa ajili ya andazi? Wote tulijua. Tangu Jumapili ya kwanza."

"Na machela uliichoma."

"Niliichoma. Ulilisema kwa kinywa, mbele ya watu wanaotakiwa kushuka kesho yake. Ungeendelea kusema, ningekufukuza. Ningesema mimi, nisingeweza kumshusha mtu tena, na nisingeshuka mwenyewe." Alichukua andazi la pili. "Ulipoleta kikombe nikasema wabeja, asante, huyu sasa amepata njia. Nikanunua kamba."

Mwaisha alicheka, halafu akaona aibu. Miezi yote ile alijiona yeye ndiye anayewadanganya kwa wema, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinamlinda ili aendelee kudhani hivyo. Alimwongezea chai mpaka ikafika ukingoni. Mageni alikibeba kikombe kwa mikono miwili akaenda nacho kwake, na chai haikumwagika.

Hatibu hakushuka tena. Vumbi lilikuwa limekwisha kukaa kifuani mwake, na hewa ya kilima ikamshinda. Walirudi Kambarage, kwenye nyumba ya Mzee Salehe, kwa Chausiku aliyekuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa. Walifungua genge dogo la chai mbele ya nyumba. Hatibu aliendelea kuacha nusu kikombe alfajiri hata pale safari yake ilipokuwa ya kutoka kitandani mpaka kibarazani. Walikuwa na miaka minne ya namna hiyo, na Mwaisha hakuwahi kuilalamikia hata mmoja.

Mwaka wa themanini na nane, habari za hali yake zilipofika Nyamisalu, Mageni na Selestine na wenzao kadhaa walipanda basi kuja kumwona. Walimkuta bado anaweza kutania. Alifariki baada ya siku chache, alfajiri, wageni wakiwa bado mjini.

Alizikwa adhuhuri. Mwaisha alibaki chumbani na wanawake, kama inavyompasa mwenye kuanza eda, kanga kichwani, Chausiku begani mwake. Dirisha lilitazama nyuma, kwenye korongo. Njia ya kwenda makaburini hupita pale, na usiku wa jana yake mvua ilikuwa imenyesha. Jeneza lilipofika ukingoni, kila mtu alilitaka. Ndivyo ilivyo kwetu: jeneza la mtu mwema kila mmoja anataka kulibeba hatua mbili tatu apate thawabu, na vijana walisukumana, wa mbele wakishuka kwa haraka, wa nyuma wakivutwa. Jeneza likaenda upande. Mwaisha aliliona likienda upande. Kilio chumbani kikakatika.

Kisha akasikia sauti nzito ya Kisukuma toka pembeni mwa korongo, ya mtu mwenye koti ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuwa ameshika kitu.

"Chai hiyo."

Selestine na watu wa Nyamisalu, waliochanganyika na majirani chini ya jeneza, waliitikia kwa sauti ya chini. Jeneza likatulia. Na wazee wawili watatu wa Kambarage, waliosahauliwa na mtaa, waliowahi kumwaga maji ya Mzee Salehe kwenye korongo lilelile, walinyoosha migongo yao wakasema "kaa", kana kwamba walikuwa wakilingojea neno hilo tangu zamani. Vijana wakafuata. Walishuka, wakakaa, wakapumua, wakapanda upande wa pili, na Hatibu hakutikisika.

Wanawake walimtazama Mwaisha wakidhani atalia zaidi. Alikuwa ameshika nondo ya dirisha, midomo inacheza. Aliyekaa karibu naye alidhani ni dua, akaitika amina.

"Isimwagike," Mwaisha alikuwa akisema. "Isimwagike."